Chai ya Magoti: Ninavyoipika, na Unga Ninaoukimbia

Ukishuka stendi yoyote kubwa ya mabasi Tanzania hukosi kumsikia mtu mwenye kipaza sauti akinadi dawa ya "kurudisha ute kwenye magoti". Mimi ni mtu wa Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki. Kwetu mdalasini, karafuu, iliki na pilipili manga tunavijua vikiwa bado mtini, kwa hiyo si mtu wa kudharau mitishamba. Mama mkwe wangu magoti yake yamesagika, na chai yake naipika mwenyewe. Ila ule unga wa stendi siuingizi ndani ya nyumba.

Tuanze jikoni. Chukua tangawizi mbichi ukubwa wa dole gumba. Ya Upare, kule Same inakolimwa kwa wingi, inafaa sana. Ioshe udongo wote utoke, usiimenye, uiponde kwenye kinu mpaka ilowe na nyuzi zionekane. Itie kwenye sufuria yenye vikombe vitatu vya maji, pamoja na nusu kijiko cha chai cha manjano, kijiti cha mdalasini, na punje chache za pilipili manga zilizopondwa. Funika, moto uwe mdogo, iache dakika kumi hadi kumi na tano. Mchaichai usiuchemshe na vingine. Utie ukishaepua, kisha ufunike tena, maana harufu yake ndiyo mafuta yake. Jikoni kukinukia sana, kikombe kimeshapungukiwa. Chuja. Na uvae leso kuukuu, doa la manjano likiingia kwenye nguo ndiyo basi.

Pilipili manga haipo kwa ajili ya kuwasha ulimi. Kiini cha manjano kinachosifiwa kwa kutuliza uvimbe, kurkumini, ni kigumu kuyeyuka kwenye maji, na hata kile kidogo kinachoingia mwilini hutolewa upesi. Piperini ya kwenye pilipili hukichelewesha kutoka, na mafuta hukisaidia kuyeyuka. Kwa hiyo namalizia kwa vijiko viwili vya tui zito la nazi. Siku ya kwanza mama alichungulia kikombe akaniuliza, "Mwanangu, hii chai au mchuzi?" Akanywa, akaomba tena.

Manjano ninunue ya unga? Hapana. Nanunua vidole vikavu, natwanga mwenyewe. Unga wa sokoni huchanganywa na chochote, na ukiona rangi inang'aa kupita kiasi, shtuka: Bangladesh waliwahi kubainika wafanyabiashara wanaoipaka manjano rangi yenye madini ya risasi ili ipendeze machoni.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa sukari. Mama alizoea chai ya kujaza vijiko. Nikamweleza kwamba ukipunguza kilo moja ya mwili, goti hupunguziwa mzigo wa karibu kilo nne katika kila hatua, kwa hiyo chai tamu inatoa kwa mkono mmoja na kunyang'anya kwa mkono wa pili. Siku hizi anaweka asali kidogo, tena kwa manung'uniko.

Je, chai yenyewe inasaidia? Inasaidia kwa kiasi. Tafiti nyingi zilizoona nafuu kwenye magoti yaliyosagika zilitumia tangawizi au manjano iliyokolezwa kwenye vidonge, na hata huko nafuu ilikuwa ya wastani. Kikombe cha nyumbani kina nguvu ndogo zaidi. Mama anasema asubuhi hakakamai kama zamani, na anapanda ngazi bila kusimama katikati. Gegedu, ile tishu laini inayozuia mifupa ya goti isisagane, ikishalika haiwezi kuota upya kwa chai, na hilo nilimwambia tangu mwanzo.

Sasa ule unga. Shangazi yangu aliununua ndani ya basi, ukiwa kwenye mfuko wa nailoni usio na maandishi. Kesho yake mkongojo akauweka pembeni. Harusi ya binti wa jirani alicheza mpaka usiku wa manane, ukoo mzima ukataka namba ya muuzaji. Baada ya miezi kadhaa uso ukamvimba ukawa duara, presha ikapanda, na sukari ambayo hakuwahi kuwa nayo ikaonekana kwenye vipimo. Daktari alimtazama tu, akauliza: "Mama, unatumia dawa gani ya kienyeji?"

Huo ndio mchezo wenyewe. Mizizi ya kweli haifanyi kazi usiku mmoja. Unachopata usiku mmoja mara nyingi ni dawa za hospitali, kama deksamethasoni na prednisoloni, ambazo ni steroidi, au diklofenaki ya kutuliza maumivu, zilizosagwa zikachanganywa na unga wa magome. Si kwetu tu: mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu vidonge vya maumivu ya viungo vilivyouzwa kama virutubisho vya asili, kumbe vina deksamethasoni na diklofenaki ambazo hazikuandikwa kwenye kopo.

Kama wewe au mzazi wako mmetumia unga wa namna hiyo muda mrefu, msiuache ghafla. Mwili ukizoea steroidi za nje huacha kutengeneza za kwake, na kukatisha mara moja kunaweza kumwangusha mtu. Nendeni hospitali na ule mfuko mkononi, dozi ipunguzwe taratibu. Shangazi ndivyo alivyofanyiwa.

Kuna maumivu ambayo hata chai yangu siyapelekei. Kidole gumba cha mguu kinachowaka moto usiku baada ya nyama choma na bia, hiyo huenda ni jongo. Kapime asidi ya yuriki. Goti moja lililovimba, la moto, pamoja na homa, ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo. Homa na viungo vyote kuuma kwa pamoja inaweza kuwa chikungunya, ugonjwa uliotambuliwa mara ya kwanza kwenye mlipuko wa 1952 huko kwenye nyanda za Wamakonde. Na mtoto anayelia viungo mara kwa mara apimwe selimundu, yaani sikoseli.

Anayetumia warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, mwenye vijiwe vya nyongo, mjamzito, na anayesubiri upasuaji wazungumze na daktari kabla ya kunywa manjano na tangawizi kila siku. Vidonge vya manjano iliyokolezwa vimewahi kuwaumiza watu ini, kwa hiyo msivichukulie kama chai. Mama mkwe ana dawa za presha. Kila akienda kliniki namwandikia kwenye karatasi kila kinachoingia kwenye sufuria, na nesi huibandika kwenye faili lake.