Kuhusu ile meseji yako ya jeni

Mwanangu,

Meseji nimeiona, unauliza ukapime jeni ujue kama ugonjwa wa mishipa ya moyo uliomchukua baba yako na wewe unakuvizia. Nitakujibu, ila kwanza nisikilize, mafuta peke yake hayaui mtu. Unajua namsema nani.

Pale Igogo, matanga hata hayajaanuliwa, shangazi yako kasimama katikati ya wamama wanaopika anatangaza eti kaka yake kalishwa mapanki ya kukaanga mpaka mishipa ikaziba. Mapanki! Kama vile mi ndo nilipenda tule mifupa huku minofu ya sangara inapanda ndege kwenda Ulaya. Nikanyamaza, na mpaka leo ukimya ule unaniwasha.

Sasa haya mambo yako ya jeni mbona yananitetea. Ile LDL, kolestro mbaya ya kwenye damu, ikipenya kwenye ukuta wa mshipa, chembe nyeupe za kinga zinakuja kuimeza, zinavimba, zinajaa mafuta, zinarundikana mpaka linakuwa bonge kwenye ukuta wa mshipa. Ndani ya hizo chembe kuna protini zinazoamua jeni ipi ifanye kazi na ipi ilale, kuna NF-kappa B, kuna IRF5, na zikizidisha amri basi chembe zinakuwa kama mgambo wa soko, kaja kusafisha kaishia kupigana na wauza dagaa. Kwenye panya wameona IRF5 inazifanya zishindwe kuzoa seli zilizokufa, uozo unarundikana ndani ya lile bonge, na bonge la hivyo likipasuka damu inagandia hapohapo, moyo unakosa damu.

Mwaka 2017 yakatoka majibu ya jaribio la CANTOS, wagonjwa zaidi ya 10,000 waliowahi kupata mshtuko wa moyo, wengine wakapewa canakinumab, dawa inayotuliza kinga bila kushusha kolestro. Kwa dozi ya miligramu 150, mshtuko wa moyo, kiharusi na vifo vya moyo kwa jumla vikapungua kama asilimia 15. Umeona? Mafuta peke yake hayaui.

Haya, nisijitetee kupita kiasi. LDL isipopenya hizo chembe zitagombania nini? Na dawa yenyewe iliongeza maambukizi ya kuua, maana kinga nayo inahitajika. Halafu baba yako pressa alikuwa nayo, vidonge anameza akikumbuka, sigara moja inawashia nyingine. Simsemi shangazi yako, damu yenu hiyo. Ila zile sigara pale sokoni Mwaloni nani alikuwa anamletea?

Kipimo sasa. Ugonjwa huu kwa watu wengi haubebwi na jeni moja, ni nyingi na kila moja inasukuma kidogo, kwa hiyo hata wakikupa karatasi haitakwambia utaumwa au hutaumwa, amua mwenyewe mi siingilii. Lakini pressa na kolestro pima mwezi huuhuu, na ile pakti uliyoficha kwenye begi Krismasi niliiona, nilikaa kimya tu.

Mama yako