Re: Cubase 10 inagoma kusoma flashi ya leseni, nihamie wapi?

Habari ndugu. Kama nimekuelewa, ile flashi ya leseni (ya USB, inayothibitisha umelipia Cubase, programu ya kutengeneza muziki) inashika mara mojamoja, na unapima kuhamia programu nyingine, FL Studio au Reaper.

Kwanza ichomeke moja kwa moja kwenye laptopu, usipitie hab (kigawanya matundu ya USB). Ikishika tu, toa kila traki kama WAV (faili la sauti la kawaida), zote zianzie sifuri, yaani mwanzo wa wimbo. Hapo nyimbo zako zitafunguka popote. Inaniuma mtu aliyelipa kufungiwa nje ya kazi yake.

Kurekodi sauti natumia Reaper: majaribio siku 60, leseni binafsi dola 60, haidai flashi. Biti nafanyia FL Studio, ukishanunua masasisho ni bure. Ukitaka kubaki Cubase, tangu toleo la 12 (2022) leseni inakaa kwenye akaunti yako.