Jibu: Kulala jiji lenye mvua kwa ajili ya mgahawa wa hadhi

Mkuu, umeuliza kama inafaa kukatisha safari ya gari mkalala jijini, na mvua yote hiyo, kwa ajili tu ya mgahawa wa hadhi. Inafaa, ila kuleni mchana, siyo usiku wa kufika.

Menyu ya mpishi yenye kozi nyingi, yaani vyakula vinavyoletwa kimoja baada ya kingine, huchukua kama saa 2 hadi 3. Ukiweka nafasi ya usiku halafu mvua ikukute njiani, umekwisha. Barabara ikilowa gari huhitaji takribani mara mbili ya umbali wa kawaida kusimama, hivyo lazima upunguze mwendo, na zile saa ulizopigia hesabu kwenye ramani zinapotea. Migahawa mingi ya aina hiyo hukata pesa kwenye kadi usipotokea. Mimi niliwahi kuchelewa dakika 40, nikaingia viatu vinachuruzika maji, meza wamepewa wengine. Aibu!

Kwa hiyo fikeni jioni, mlale, mle kesho yake mchana. Jiko ni lile lile, na menyu ya mchana mara nyingi huwa fupi na nafuu. Gari liacheni hotelini mwende kwa teksi, hasa kama kuna mvinyo. Aliyekunywa asishike usukani mpaka kesho yake. Msichokula waambieni wakati wa kuweka nafasi.

Nguo kavu za kutokea zikae juu kabisa ya begi. Za kwangu zilikuwa chini.

Na kwa mvua hiyo, matairi je, mifereji yake bado ina kina?