Kujihesabu usiku bila kujichukia

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Kila Ramadhani nabadilika. Mfunguo Mosi, mwezi unaofuata, haujafika nusu nimesharudi pale pale. Najihesabu kila usiku, na kila nikijihesabu najichukia zaidi." Wakristo nao huniandikia karibu maneno hayo hayo baada ya Kwaresima.

Sentensi yake ya mwisho imenikaa moyoni, kwa sababu kujihesabu hakukuwekwa ili mtu ajichukie. Al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu aliyefariki Tus, Uajemi, mwaka 1111, alimfananisha mtu na nafsi yake na mfanyabiashara na mshirika wake. Asubuhi huwekeana masharti, mchana mmoja humwangalia mwenzake, jioni hukaa wakahesabiana. Kwa Wakatoliki, Ignasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wajesuiti, katika karne ya 16 alifundisha kuchora mistari ya siku za wiki na kuweka nukta kwa kila anguko, kisha kulinganisha siku na siku, wiki na wiki. Wote wawili walianza asubuhi. Sisi tunairuka asubuhi, tunakurupuka usiku na kuanza kujishtaki. Mwenye duka ambaye hakuandika mtaji alipofungua, jioni atafunga hesabu gani?

Kwa hiyo tuanze na asubuhi. Sharti liwe moja tu, na liwe na saa yake au tukio lake. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer amechunguza jambo hili tangu miaka ya 1990: mtu aliyepanga kwamba likitokea jambo fulani atafanya jambo fulani hutimiza zaidi kuliko aliyebaki na nia peke yake. Uamuzi huwa umeshapita, tukio likifika linaliita tendo lenyewe. "Nitakuwa mtu wa subira" si sharti, ni dua. Sharti ni hili: "Mkubwa wangu kazini akinipandishia sauti, nitavuta pumzi tatu ndipo nijibu." Au: "Nikitoa salamu ya Alfajiri, kabla sijashika simu, nitasoma ukurasa mmoja." Epuka kabisa maneno "nikipata nafasi", maana nafasi haina saa. Aliye na sala tano tayari ana vigingi vitano vya kufungia mambo yake. Mkristo ana sala ya asubuhi, kengele ya saa sita mchana kwa wanaosali Malaika wa Bwana, na sala ya kabla ya chakula. Hata kupanda daladala kunatosha, mradi unaipanda kila siku.

Usiku tenga dakika 10. Ukae kwenye kiti au mkekani, usiwe kitandani, maana kitandani utasinzia au utazama kwenye mawazo. Simu iwe chumba kingine. Andika kwa kalamu kwenye kidaftari cha bei ndogo, kile ambacho hakuna mtu atakayetamani kukifungua.

Dakika 2 za kwanza ni za shukrani, mambo matatu ya siku hiyo hiyo. "Afya na uzima" ukiiandika kila usiku haikugusi tena. "Mtoto amemaliza dawa na homa imeshuka" inakugusa. Usiiruke sehemu hii ukidhani ni pambo. Anayefungua hesabu kwa kukumbuka alichopewa huweza kulitazama kosa lake bila kulikimbia.

Dakika 3 zinazofuata ni hesabu yenyewe. Hapa andika matendo, usiandike tabia. "Leo nilikuwa mvivu" ni hukumu na haina cha kurekebisha. "Saa tatu mpaka saa nne na nusu nilikuwa kwenye simu, nilianza pale ripoti iliponishinda ukurasa wa pili" ni hesabu. Umeona mlango ulipofunguka. Kisha andika nafasi zilizokuja na ulizotimiza: 2 kati ya 5.

Dakika 3 ni za kuisemesha nafsi, na usitumie "mimi". Jiite jina lako. Wahenga wa tasawwuf, yaani usufi, waliisemesha kwa "ewe nafsi", na Al-Ghazali ana kurasa nyingi za namna hiyo. Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake walichapisha mwaka 2014 majaribio yanayoonyesha kuwa mtu anayejizungumzia kwa jina lake katika jambo lenye fadhaa hutulia na kulipima vizuri kuliko anayesema "mimi, mimi". Sababu yake si ngumu: kila mmoja wetu ana hekima nyingi kwa tatizo la rafiki yake, na jina linakuweka mahali pa rafiki.

Dakika 2 za mwisho ni za toba, au dua kwa namna ya dini yako, na kuandika sharti la kesho. Kisha funga daftari. Hesabu iliyofungwa haifunguliwi tena saa nane za usiku.

Sasa nije kwenye lile linalomsumbua msomaji wangu. Kuna kujihesabu, na kuna kujisuta. Mwanasaikolojia Susan Nolen-Hoeksema alitumia miaka mingi kuonyesha kwamba kulirudia rudia jambo linaloumiza bila kwenda popote hurefusha huzuni na kuzuia utatuzi. Dalili zake ni wazi: umeingia ukurasa wa pili na hakuna tendo hata moja lililoandikwa, au swali lako limekuwa "kwa nini niko hivi?" Libadilishe liwe "nini kilitangulia?" Nakusihi pia usidhani kwamba kujitesa ndiyo bidii. Wanasaikolojia Juliana Breines na Serena Chen walichapisha utafiti mwaka 2012: wanafunzi walioanguka mtihani wakaelekezwa kujitazama kwa huruma walitumia muda mrefu zaidi kusoma kwa ajili ya mtihani uliofuata. Tunaomba rehema ya Mungu mchana na usiku, halafu sisi wenyewe tunajinyima!

Na kwa nini mtu hurudi nyuma Mfunguo Mosi? Mtafiti Phillippa Lally na wenzake wa London waliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga mazoea mapya. Kwa wastani ilichukua siku 66 tendo kufanyika bila kujisukuma, wengine siku 18, wengine zikakadiriwa 254. Ramadhani ni siku 29 au 30. Tena mwezi ukiisha, vigingi vyote vinang'oka kwa pamoja: daku, futari, tarawehe, jirani anayekugongea mlango. Ulichofunga kwenye tarawehe kinaondoka na tarawehe. Basi katika kumi la mwisho chagua jambo moja tu na ulihamishie kwenye sala ya Isha, ambayo haiondoki. Kama ulikuwa unasoma juzuu nzima, hamisha kurasa 2. Na ukikosa siku moja, utafiti huo huo ulionyesha kuwa siku moja haivunji zoea. Kinacholivunja ni ile kauli ya "nimeshaharibu".

Sharti lako lisiende kwenye hali ya WhatsApp. Gollwitzer na wenzake mwaka 2009 walionyesha kuwa nia inayohusu "mimi ni mtu wa namna gani", ikishatambuliwa na watu, hupunguza juhudi, kwa sababu sifa zimekushibisha kabla ya kazi. Masheikh walilionya hilo zamani chini ya jina la ria, yaani kutenda jema ili uonekane na watu. Mwambie mtu mmoja ambaye atakuuliza, basi.

Mpaka upo, na nautaja kwa uzito. Ikiwa huzuni, kukosa usingizi au kukosa hamu ya kila kitu vimepita wiki 2, hiyo huenda ni sonona, na daftari si dawa yake. Idara ya afya ya akili ya hospitali ya Muhimbili, na hospitali za afya ya akili za Mirembe ya Dodoma na Mathari ya Nairobi zipo kwa ajili hiyo. Ukipata mawazo ya kujidhuru, nenda leo, usingoje wiki 2. Kwenda huko hakupunguzi imani ya mtu.

Kila mwisho wa wiki jumlisha zile namba zako. Zikiwa chini ya nusu wiki 2 mfululizo, usijiongezee adhabu. Punguza sharti: ukurasa uwe aya moja, dakika 20 ziwe 5, lakini saa na mahali vibaki vile vile. Zikivuka 4 kati ya 5 kwa wiki 3, ndipo uongeze kidogo.