Kugawa visanduku vya barua kwenye hifadhidata za Exchange (seva ya barua pepe ya Microsoft)

Mkuu, umeuliza ugawe kwa herufi au kwa idara. Gawa kwa ukubwa wa visanduku. Kwa majina yetu, wanaoanza na herufi M pekee watajaza hifadhidata nzima. Na idara ikikaa pamoja, siku hifadhidata ikianguka uhasibu wote umesimama.

Toleo la Standard la Exchange linaruhusu hifadhidata 5 kwa seva. Bila DAG (kundi la seva zinazotunza nakala za hifadhidata), kila moja isizidi GB 200, kurejesha bekapu kusikulaze ofisini.

Hamisha visanduku kwa New-MoveRequest (amri ya PowerShell), usiku, wachache wachache. GB 50 zikihama huzaa logi (faili za kumbukumbu za mabadiliko) za takriban ukubwa huohuo kule ziendako. Diski ya logi ikijaa, hifadhidata inajizima. Piga bekapu kamili kila baada ya kundi, logi zifutwe.

Faili la hifadhidata ya zamani halipungui: nafasi ya visanduku vilivyohama hubaki tupu ndani yake, na hata hiyo huachwa wazi baada ya siku 30 tu, usipobadilisha mpangilio wa muda wa kuhifadhi visanduku vilivyoondolewa.