Maswali na Majibu: Tishati ya Kikundi Iacheni Mfukoni

Kila kikundi hapa Mombasa sasa kina safari ya kutembea milimani, Taita au Shimba Hills, na maswali ya mashati ya kuvaa yamejaa. Nimechagua yenye maana, na moja lisilo na maana kwa sababu limeletwa mara nyingi mno.

*Sisi kikundi cha Changamwe twaenda kupanda mlima Vuria, kule Taita. Tumeshachapisha tishati nzito za pamba zenye jina letu kifuani. Zatosha?*

Kwa picha, zatosha. Kwa kupandia, hapana, na sijui nitalisema hili hadi lini. Pamba hunywa jasho na kukaa nalo. Hapa Mombasa hujali, maana huo ubichi ndio unaokupoza. Lakini Vuria ni mita 2,208 juu ya bahari, na kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa nyuzi sita hivi. Mkiondoka hapa kukiwa na nyuzi 32, juu mtapata kama 19, na hapo sijataja ukungu wala upepo. Mtafika mmelowa chapachapa, mtasimama kupiga picha, na maji huondoa joto mwilini mara 25 hivi kuliko hewa iliyotulia. Punde mmoja wenu ataanza kutetemeka, na wenzake watamcheka kwamba mtu wa pwani hajui baridi. Msimcheke. Mvueni hilo shati, mvisheni kavu, mpeni chai.

Halafu hayo maandishi makubwa kifuani ni plastiki tupu. Hewa haipiti, na jasho linakusanyika nyuma yake. Mkitaka kutumia pesa mlizokwishalipa, pandeni na poliesta nyepesi, tishati za kikundi zikae ndani ya mfuko usiopenya maji. Mkifika kileleni badilisheni, mpige picha mnayoitaka mkiwa wakavu. Na kila mtu awe na koti la mvua. Mwavuli haumo katika hesabu.

*Shati zuri la kupandia mlima ni lipi?*

Mlima upi? Mwezi gani? Una begi mgongoni au huna? Swali hili ndilo lile lililokuja mara nyingi. Mngekuwa mnaandika mnakokwenda, tungekuwa tumeshamaliza.

*Nanunua mitumba Kongowea. Lebo nyingi zimekatwa. Nitajuaje kama ni pamba au poliesta?*

Swali la mtu mwenye akili. Tia tone la maji juu ya kitambaa. Likizama na kubaki doa zito palepale, yaelekea ni pamba. Likitawanyika haraka na kuwa jembamba, hicho ndicho unachokitafuta. Likibaki linabingirika juu, kitambaa kimetiwa dawa ya kuzuia maji, hilo si shati la kutokea jasho.

Ukishanunua (nasema ukishanunua, msije mkagombana na wenye meza), chomoa uzi ndani ya pindo uuchome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuganda kama kishanga kigumu cheusi. Ukisikia harufu ya nywele zilizoungua, umepata sufu. Ikiwa ni ile nyembamba ya kondoo wa merino, usimwambie muuzaji, nenda zako haraka.

Kabla ya kulipa, inua mikono yote miwili. Tumbo likitokeza, rudisha. Kisha pitisha kidole juu ya bega. Mshono mnene ukiwa pale panapolala mkanda wa begi, rudisha vilevile, hata liwe la bei gani. Mshono huo ukisuguliwa kutwa nzima utakuachia kidonda.

*Mimi huvaa dera na hijabu. Wenzangu wasema nitawachelewesha.*

Dera litakuchelewesha kweli, dadangu, sitakudanganya. Litanasa kwenye miiba, na wakati wa kuteremka utalikanyaga. Vaa shati refu la kufika magotini, lenye mpasuo pembeni, juu ya suruali pana. Hijabu chagua nyepesi, ncha zake zitie ndani ya shati. Hao wenzako uwatazame jioni wakijipaka mafuta kwenye mikono iliyobabuka kwa jua. Mikono mirefu ni ya kila mtu.

*Twaenda maporomoko ya Sheldrick, mbuga ya Shimba Hills. Rangi gani inafaa?*

Khaki, kijivu au kijani iliyofifia. Acha buluu iliyoiva na nyeusi, maana mbung'o huzifuata rangi hizo. Hata mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya buluu na vyeusi, nawe utakuwa mtego unaotembea. Akitua huuma hata juu ya nguo nyembamba. Na zile nguo za mabaka ya kijeshi ziacheni kabisa, sheria ya Kenya hairuhusu raia kuzivaa. Mtakuwa mnaongozana na askari wa wanyamapori, sijui mtamweleza nini.

Huko, upana wa shati una kazi kuliko jina la kitambaa. Hewa yetu ya pwani imeshiba maji, jasho halina pa kwenda, na hakuna poliesta ya miujiza itakayolikausha. Vaa pana, lipepee. Chupa za plastiki za kutumia mara moja msibebe, zimepigwa marufuku katika mbuga tangu Juni 2020.

*Naona haya kuuliza, lakini chuchu zangu hutoka damu nikitembea mbali.*

Usione haya, wanaume wengi yawapata. Paka vaselini kabla ya kutoka, na shati lenye chumvi ya jasho la jana usilirudie.

*Shati langu la poliesta lanuka hata nikilifua.*

Yaelekea unalitia dawa ya kulainisha nguo. Dawa hiyo hubaki kwenye nyuzi, jasho halisambai tena na uvundo hukwama humo. Liloweke kwa maji na siki nusu saa, lifue kwa sabuni kidogo, lianike kivulini. Pasi usiliguse nayo. Na usilifungie ndani ya begi likiwa bichi hadi Jumatano, nawajua.

*Jezi ya mpira wa miguu je?*

Inafaa. Ni poliesta, nyepesi, na huenda tayari unayo. Ile ya bandia yenye namba nene ya mpira mgongoni ndiyo usiende nayo, begi litaibandika kwenye ngozi kabla hujafika nusu ya njia.