Muulize Fundi: Kuhamisha bakapu bila kupoteza ya nyuma

SWALI: Fundi, salamu. Nasimamia kompyuta 14 za Saccos yetu hapa Morogoro. Seva ya bakapu inatumia mfumo endeshi wa Debian 10 na programu ya bakapu ya BackupPC toleo la 3 tangu 2019, na sasa diski yake imeanza kugonga-gonga. Tumenunua seva mpya, nimeiwekea Debian 12. Naihamisha folda ya /var/lib/backuppc, zinamokaa bakapu zote, kwa rsync (amri ya kunakili faili), leo siku ya tatu haijaisha na memori imejaa. Wakaguzi hudai hesabu za miaka ya nyuma, kwa hiyo kuanza upya siwezi. Nifanyeje?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Mdogo wangu, isimamishe hiyo rsync sasa hivi, kabla hujasoma mstari unaofuata. Kisha zima huduma ya backuppc kwenye seva ya zamani. Diski inayogonga haina siku nyingi, na kila saa unayoichosha unajipunguzia nafasi ya kuokoa kilichomo.

Nakueleza kwa nini rsync imekwama. BackupPC 3 haihifadhi faili ileile mara mbili. Nakala moja hukaa ndani ya folda ya cpool, na kila bakapu unayoiona ndani ya folda ya pc huielekea nakala hiyo kwa hadilinki, yaani jina jingine la faili ileile. Chukua fomu ya mkopo iliyomo kwenye kompyuta zote 14, na kila kompyuta ina bakapu kamili 20. Hayo ni majina 280 ndani ya pc na jingine moja ndani ya cpool, lakini kwenye diski fomu ni moja tu. Ukitumia rsync na -H, yaani kuiamuru itunze hadilinki, inalazimika kuyakumbuka majina yote hayo, mamilioni kwa faili zote, ndiyo maana memori imejaa. Ukiiondoa -H, kila jina linageuka faili kamili.

Hilo la pili lilinikuta mimi katika ofisi moja ya Tanga. Nilinakili kwa cp -r, amri ya kawaida ya kunakili isiyotunza hadilinki. Data ilikuwa GB 700, diski mpya ya TB 4, na usiku wa pili ikajaa hata nusu ya kompyuta sijafika. Alfajiri mhasibu aliniletea chai akauliza kama vocha za mwaka uliopita zimo. Sikuwa na la kumjibu, na swali lile sijalisahau hadi leo.

Kwa hiyo usihamishe faili, hamisha patisheni nzima (sehemu ya diski yenye data) kama ilivyo. Kwa diski isiyo na hitilafu ningekwambia dd, amri inayonakili diski kama ilivyo, lakini kwa hiyo yako tumia ddrescue, inayofanya hivyo kwa diski mbovu (kwenye Debian pakiti yake inaitwa gddrescue). Ichomoe diski ya zamani, ichomeke kwenye seva mpya, usiimaunti (usiiunganishe na folda yoyote). Andika lsblk, inayoorodhesha diski, na usome ukubwa wa kila diski mara mbili, maana ukigeuza chanzo na mwisho umefuta kila kitu. Halafu:

ddrescue -f -n /dev/sdb1 /dev/sdc1 /root/ramani.map

Sdb1 hapa ni ya zamani, sdc1 ni mpya. Weka majina unayoyaona wewe. Patisheni mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani. Faili ya ramani huandika palipofikiwa, hivyo umeme ukikatika unarudia amri ileile nayo inaendelea pale pale. TB 2 kwa kasi ya MB 100 kwa sekunde ni kama saa tano na nusu, lakini diski mbovu huenda polepole zaidi, usiiharakishe. Ikimaliza, rudia ukiweka -r3 badala ya -n ili ijaribu tena sehemu zilizogoma. Chomoa ya zamani, endesha e2fsck -f kwenye mpya ili kukagua makosa, kisha resize2fs ili kutanua kama patisheni ni kubwa zaidi (nachukulia mfumo wake wa faili ni ext4).

Kabla ya kuimaunti kwenye /var/lib/backuppc, andika id backuppc kwenye seva zote mbili. Diski hukumbuka namba ya mtumiaji, si jina. Namba zikitofautiana, badilisha ya seva mpya kwa usermod na groupmod, la sivyo programu itanyimwa ruhusa ya kusoma data yake yenyewe.

Debian 12 inakuja na BackupPC 4. Inasoma bakapu za toleo la 3 mradi mpangilio wa PoolV3Enabled uwe 1. Usibandike config.pl (faili ya mipangilio) ya zamani juu ya mpya, kwa sababu mipangilio ya rsync imebadilika. Zifungue zote mbili sambamba uhamishe kipengele kimoja kimoja. Ipo amri ya BackupPC_migrateV3toV4, ya kugeuza bakapu za toleo la 3 kuwa za 4, lakini mwezi huu iache. Seva mpya ipe anwani ya IP ya ile ya zamani, na kompyuta zilizoruhusu anwani hiyo tu hazitakusumbua.

Kisha mwite mhasibu akae pembeni yako. Rejesha mizania ya 2019, aifungue mwenyewe, alinganishe jumla na karatasi iliyomo kwenye faili la ofisi. Diski ya zamani iandike tarehe kwa makapeni, mkabidhi aifungie kabatini kwake, na asikurudishie mpaka wakaguzi wamekuja na kuondoka.